Dokta wa Saa Kumi na Moja na Nusu

Ukitoka steshini ya Rayners Lane usiwafuate wanaokimbia, hao wana mabosi. Wewe tembea kama mtu aliyeshiba, pita kinyozi, pita duka la sari lenye sanamu asiye na kichwa, mpaka pua yako ikutane na tangawizi. Hapo pana benchi la mbao. Kaunsili ililiweka ili mpita njia apumzike dakika mbili. Masikini kaunsili, haikuwajua Waswahili. Wenyewe wanalikalia tangu saa tatu asubuhi mpaka makalio yaombe msamaha. Nyuma ya benchi ni duka la Rasik, Mhindi wa Kisumu anayeuza maziwa, magazeti na mihogo ya kukaanga ya pakiti, na ndiye anayetoa birika na vikombe vidogo vya kahawa. Sheria ya kijiwe ni moja tu: hakuna kuchungulia simu ili kujua nani mkweli. Anayechungulia anaosha vikombe wiki nzima. Ukweli ukifika mapema, watu wataongea nini mpaka adhuhuri?

Jumanne hiyo Zephaniah alifika wa kwanza, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu benchi lipigwe misumari. Kijana huyu anauza makava ya simu Stratford kuanzia mchana, shule aliiacha kabla shule haijamwacha, na jina la Profesa alijipa mwenyewe kwa kuwa aliona wengine wanachelewa kumpa. Asubuhi ile alikuwa na kazi. Suad, mke wa Ameir, alikuwa amempigia simu kabla jua halijatoka vizuri.

— Mwanangu, weye anakusikiliza. Saa tano ana miadi kliniki ya miguu. Kile kidole kimeshakuwa cheusi, na barua inasema aende bila kuchelewa. Mpandishe basi la saa nne na dakika kumi, tafadhali. Mie niko kazini, siwezi kutoka. Akilikosa hilo, ntabaki na mume nusu.

— Mama, hesabu imeshafungwa, Zephaniah alijibu. Mimi nilimuuzia makava mawili mtu asiye na simu. Mzee Ameir ni nani?

Mzee Ameir ni Mzanzibari aliyeendesha basi la ghorofa hapa London miaka ishirini na sita, na kijiweni anaitwa Kepteni. Alifika saa tatu na nusu, mguu wa kulia kwenye kiatu, wa kushoto kwenye kandambili na soksi, Machi hii yenye baridi ya kukata masikio. Barua ya hospitali ilikuwa imechomoza mfukoni mwa koti kama ulimi. Sukari anayo tangu zamani. Kidonda alikipata mwezi uliopita kwa kiatu kipya, akakificha, akakipaka mafuta ya habbat soda, akakiambia kipone. Kidonda hakikusikia.

— Kepteni, kumekucha! Zephaniah alimpokea. Basi lako saa nne na kumi. Nimeshakuangalizia mvua, nimeshakuangalizia foleni. Wewe kazi yako ni kukaa dirishani tu.

— Basi la wapi?

— La hospitali, mzee wangu.

— Mie sendi, alisema Ameir, akajimiminia kahawa. Na weye ndo ulonambia nisende.

— Mimi?

— Weye hapo hapo ulipokaa. Wiki tatu leo.

Zephaniah akaweka kikombe chini. Alikumbuka.

Wiki tatu nyuma, mzungu mmoja mrefu, nywele nyeupe, kofia mkononi, alivuka barabara kutoka mlango ulio juu ya duka la dobi, akaingia dukani kununua maziwa. Kamande, Mkenya anayelea wazee usiku na kuja kijiweni na sare yake asubuhi, akaangusha kikombe.

— Manze! Huyo ni Dokta Tarrant!

Ikawa msiba wa furaha. Dokta Tarrant! Yule wa tamthilia ya Australia, ile ya mji mdogo wa Kurrabin wenye vumbi, iliyokuwa ikirushwa kila siku saa kumi na moja na nusu jioni! Mwigizaji mwenyewe kabisa, amehamia ng'ambo ya barabara, ananunua maziwa nusu lita kama mtu yeyote! Watu wazima wale walisimama foleni kumpa mkono. Zephaniah hakuwahi kuona hata kipande kimoja, tamthilia ilipokuwa moto yeye alikuwa hajaota meno. Lakini Profesa atakaaje kijiweni bila mchango? Ndipo akakohoa, akasema kwamba Australia kuna sheria: huruhusiwi kuigiza daktari kwenye televisheni mpaka usomee udaktari miaka minne na ufanye mtihani. Aliitoa hewani tu, kama mtu anavyopiga chafya. Watu wakasema, ahaa. Naye akasahau.

Sasa chafya imerudi na mafua yake.

— Mie namngoja Dokta, Ameir alisema. Kila siku saa nne anakuja kununua maziwa. Leo nnamwonesha mguu, basi.

— Kepteni, yule ni mwigizaji!

— Mwigizaji aliyesoma. Umesema mwenyewe, sheria.

— Basi hata kama alisoma, kliniki wana mashine...

— Mashine ndo ninazozikimbia! Binamu yangu Talib wa kule Stratford aliingia na kidole, katoka na gongo. Wamemkata hadi hapa. Ameir akajipiga chini ya goti, na mkono wake ukabaki pale, ukipapasa. Kilikuwa kidole tu, yakhe. Kidole. Mie sendi kwa watu nisiowajua. Dokta namjua miaka thelathini.

Rasik akatoka dukani na birika la pili.

— Kepteni ana sababu, omera, ndugu yangu. Hata wahenga walisema, mficha maradhi hazai.

— Hawakusema hivyo, alisema Zephaniah.

— Wa Kisumu walisema.

Saa ya steshini ilisoma tatu na dakika arobaini. Zephaniah akapiga hesabu. Akitumia nguvu, mzee ataweka miguu chini kama punda, na mguu mmoja wenyewe ni mgonjwa. Njia ni moja: amshushe Dokta hadhi. Na kushusha watu hadhi ndicho kipaji pekee ambacho shule ilimkuta nacho ikamwacha nacho.

— Hivi nyinyi mnajua huyo mtu alianzia wapi? akasema, akinyoosha miguu. Si alikuwa mtu wa matangazo tu?

Kumbe amemwaga petroli.

— Tangazo la mkate! Kamande, aliyekuwa amesinzia mwisho wa benchi, alidakia, macho yake mekundu ya shifti yakawaka. Anauma, anatabasamu, kwisha. Sekunde nane. Na enyewe nchi nzima ikala mkate huo mwaka mzima. Sekunde nane, buda! Wewe umeongea hapa miaka mitatu na hujauzia mtu hata biskuti.

— Kabla ya mkate alikuwa maiti, Rasik alisema. Mimi nilisoma kwa gazeti. Kipindi cha polisi. Wamemlaza ndani ya mto, maji ya barafu, siku mbili, hajapepesa jicho. Dairekta anasema basi, tumemaliza, yeye bado maiti tu. Wakaita ambulensi. Watu wa ambulensi pia wakasema amekufa!

— Mnaona? Ameir aliinua kidole. Mtu kaanza kazi kwa kufa. Anayeanza kwa kufa hana tena cha kuogopa.

— Halafu jela, Kamande akaendelea. Alipewa mstari mmoja, mfungwa anayeomba chumvi. "Nipitishie chumvi." Hayo tu. Akaomba ile chumvi kwa uchungu hadi mwandishi akaamka usiku akamwandikia mji mzima. Ndio Kurrabin ikazaliwa. Kwa sababu ya chumvi!

— Na hapo akakaa miaka ishirini na saba, Rasik akapokea. Ishirini na saba, bana! Mimi nilikuwa nafunga hili duka saa kumi na moja na nusu, nafungua saa kumi na mbili. Na sikupata hasara, maana mteja alikuwa wapi? Rayners Lane yote iko ndani inatazama Dokta. Hata wezi.

— Mie nilikuwa barabarani, Ameir alisema, sauti imeshuka. Naendesha basi tupu. Madirisha yote ya nyumba, kushoto kulia, yanamulika rangi moja, yanapepesa pamoja. Nikaona, hee, mji huu wote unamtazama mtu mmoja. Suad alikuwa mgeni hapa, Kingereza hana. Yule bwana ndo alomsomesha. Hata leo Suad akikwambia "tulia, vuta pumzi", anasema kwa lafudhi ya Australia.

Zephaniah akaona anazama. Akapiga mkono mwingine.

— Lakini ile mikono ya kwenye upasuaji haikuwa yake. Nina mtu wangu anafanya kazi televisheni. Yule bwana akiona damu anazimia. Walikuwa wanaajiri mikono ya mtu wa bucha.

— Ndiyo maana ilikuwa haitetemeki! Rasik alishangilia. Unaona akili ya Dokta? Anajua mahali pa kutafuta mikono mizuri.

— Wacha nikuambie mambo ya mikono, Kamande alisema, na safari hii hakuwa anacheka. Mamangu alikuwa mkunga Karatina, miaka thelathini na moja. Tamthilia ikionyeshwa huko kwetu Jumamosi, hakuna kuongea. Alikuwa na kitabu anaandika kila mtoto Dokta amezalisha. Mia moja na kumi na tatu. Na nikamuuliza, mami, anafanya sawa? Akaniambia, kwa hao wote amekosea mara mbili tu. Mimi mwenyewe, akasema, siwezi kuapa hivyo.

Zephaniah akajimiminia kahawa. Mkunga wa kweli, kwa kalamu yake.

Ushahidi ule ukawapa wenzake nafasi ya kupaa. Kamande akasema ile sauti inayotangaza ghorofa ndani ya lifti za hospitali ni ya Dokta, aliirekodi bure ili wagonjwa wasiogope. Rasik akasema Dokta aliwahi kumzalisha mama ndani ya ndege juu ya jangwa kwa kamba ya viatu vya rubani. Kamande akasema rubani mwenyewe alikuwa amezimia na Dokta ndiye aliyetua. Ameir akasema mwaka ule walipomuua kwenye tamthilia, mwaka wa farasi aliyempiga teke la kifua, Suad hakupika siku mbili, na huko Australia mvua iliacha kunyesha miaka saba.

— Farasi wenyewe walikataa kuigiza tena, alisema Rasik. Aibu.

Saa nne kasoro dakika tano. Zephaniah akachomoa simu.

— Basi. Nawaonyesha sasa hivi kwamba si daktari. Vikombe nitaosha, nitaosha hata birika.

Rasik akaifunika simu na sinia kama mtu anayekamata nzi.

— Simu hapana!

— Mzee Rasik, mguu wa mtu unaoza!

— Sheria ni sheria. Haraka haraka haina baraka.

Ndipo Profesa akafanya jambo ambalo kijiwe kile hakikuwahi kuliona. Alisimama, akavua kofia, akasema:

— Nilidanganya. Hakuna sheria yoyote Australia. Niliitunga hapa hapa nikiwa na kikombe mkononi. Sijawahi kuona hata kipande kimoja cha tamthilia hiyo. Nilitaka tu na mimi niseme kitu. Kepteni, nakuomba, panda basi.

Walimtazama, wote watatu. Ameir akatabasamu kwa huruma.

— Mwanangu, Suad kakupa shilingi ngapi?

— Sasa ndio anadanganya, Kamande alisema. Uso wake uko vile vile kama siku ya kwanza.

Duniani kuna adhabu nyingi, lakini kuwa mwongo hodari mpaka toba yako ionekane ni uongo, hiyo Zephaniah hakuwahi kusimuliwa. Alikaa chini. Kwa mara ya kwanza akauona ule mguu vizuri: soksi imetanuka, na katika baridi ile inatoa harufu tamu, ya tunda lililosahauliwa.

Mlango wa juu ya dobi ukafunguka.

Dokta alivuka barabara polepole, kofia mkononi, mabega yameinama, mzee kama wazee wengine. Magari yalimsubiri. Aliwasalimia kwa Kiingereza chao kile kinachopanda mwishoni kama swali, akaingia, akatoka na chupa yake ya maziwa. Ameir alikuwa tayari ameshavua soksi na kuweka mguu juu ya kreti.

Kidole gumba kilikuwa cheusi kama mkaa, na wekundu umepanda hadi nusu ya unyayo. Kamande, anayeosha vidonda vya wazee kila usiku, aliziba mdomo. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukiona.

— Dokta, Ameir alisema kwa Kiingereza chake cha basi, nitazame. Sitaki mwingine. Ukisema nipake dawa, ntapaka. Ukisema ntapona, ntapona.

Mzee wa Kiaustralia akarudi hatua moja. Rangi ilimtoka usoni.

— Rafiki yangu, mimi si daktari. Mimi ni mwigizaji.

— Mnaona? Ameir aliwageukia wenzake, macho yanang'aa. Daktari wa kweli hajisifu.

Basi lilikuwa limeshatokea kule kwenye taa, jekundu, limekwama nyuma ya lori la takataka. Zephaniah akamshika yule mzee kiwiko, akamvuta pembeni.

— Mzee, mimi ndiye niliyewadanganya kwamba umesoma. Kosa ni langu. Hospitali wanamngoja Mzee Ameir saa tano, na basi lake ni lile pale. Huyu madaktari hawasikii. Mkewe hamsikii. Mimi nimeshatubu, haniamini. Atakusikia wewe peke yako. Mimi sijui kazi yako. Lakini kama unaijua, tafadhali.

Yule mzee alimtazama. Akatazama mguu. Akatazama basi. Kisha akampa Zephaniah chupa ya maziwa.

— Nishikie.

Na hapo, ndugu yangu, Zephaniah akaona kazi ya mtu.

Kwanza ulinyooka mgongo. Halafu mabega yakashuka yakakaa mahali pake, kama koti linavyotundikwa. Zile hatua za kujikokota za mzee aliyefuata maziwa ziliisha. Aliyelikaribia benchi alikuwa mtu mwenye umri wa miaka hamsini, na mtaa mzima ni wodi yake. Alipiga magoti kwenye lami, magoti yakalia, hakujali. Akaushika ule mguu kwa mikono miwili, mmoja kisiginoni, mmoja juu ya unyayo, wala hakukunja pua. Akanyamaza.

— Mungu wangu, Kamande alinong'ona. Ule ukimya. Ni ule ule.

Alinyamaza mpaka Ameir mwenyewe akaacha kutetemeka. Alinyamaza mpaka muuza sari akatoka mlangoni. Kisha akavua miwani, akaikunja, akainua macho.

— Ameir. Una watoto?

— Watatu, Dokta. Na wajukuu wanne.

— Nitakuambia jambo mara moja tu. Sauti ilikuwa ya chini, na hata hivyo kila mtu aliisikia, kama mtu anayekusemea sikioni ukiwa upande wa pili wa barabara. Mimi hapa sina cha kukufanyia. Wao wanacho. Nadhani kidole hiki kimeshakuaga. Mguu bado ni wako, na kila dakika unayokaa kwenye benchi hili unaugawa. Unaogopa?

Ameir akafungua mdomo kukanusha. Hakuna aliyewahi kumwuliza Kepteni swali hilo.

— Naogopa, alisema.

— Vizuri. Nenda ukiwa unaogopa. Wanapokea hata wanaoogopa. Tulia, vuta pumzi. Sasa simama.

Na Ameir akasimama! Yule aliyewashinda mke, barua ya hospitali na Profesa, alisimama kama mwanafunzi aliyeitwa jina. Dokta akamvalisha soksi mwenyewe, akamwegemeza begani, wakatembea hatua kumi na nne hadi kituoni. Kamande akadaka kwapa la upande wa pili bila kuambiwa, pamoja na usingizi wake wote. Basi likafika. Dereva alitaka kupiga honi, akaona uso wa yule mzee, akashusha basi hadi usawa wa njia, akangoja kwa adabu.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, Ameir alisema akiwa mlangoni, analia na kucheka. Mie nimesikia la mkuu!

— Huo umeupata sawa, alisema Rasik, naye akageuka upande kujifuta kwa aproni.

Basi lilipokata kona, Kamande akiwa amepanda na Kepteni, Dokta aliendelea kusimama wima, mkono umeinuliwa. Kisha kitu kikakatika. Mabega yakaanguka, miaka yote ikamrudia kwa mpigo, akashika ubao wa benchi na kukaa. Rasik akamtilia kahawa, naye akaipokea kwa mikono miwili.

Zephaniah alibaki amesimama na chupa ya maziwa kama amekabidhiwa mtoto mchanga.

— Nilikuwaje? yule mzee aliuliza.

Zephaniah hajawahi kumsifia mtu. Alilelewa akiamini sifa ni kama hewa ya tairi, ukimpa mwenzako wewe unapungua. Alitafuta mzaha, akauona uko mbali.

— Mzee, alisema, mimi ningepanda lile basi. Na miguu yangu ni mizima.

Yule mzee akacheka bila sauti.

— Mwaka wa tisa huu tangu waniue. Krismasi moja walinipa nafasi ya ng'ombe wa kijinga kwenye mchezo wa jukwaani wa watoto, nikavaa kichwa cha ng'ombe, watoto wananizomea. Wakanipa sauti ya tangazo la sabuni. Baadaye hata sabuni ikanyamaza. Nilidhani kazi imeniisha. Akaitazama mikono yake. Dakika nne tu nimekaa ndani ya Tarrant leo, na nimechoka kuliko mwaka mzima. Zamani nilikaa humo kila siku, saa kumi kwa siku.

— Miaka ishirini na saba, alisema Zephaniah, na safari hii hakuwa anarudia maneno ya watu.

Yule mzee akamaliza kahawa, akapokea maziwa yake, akavaa kofia, akavuka barabara akiinamisha mabega.

Alhamisi, saa nne asubuhi, kijiwe kilikuwa kimya kama ofisi. Kamande alikuwa ameshaleta habari mara kumi na mbili na kila mara waliitaka upya: kidole kimeondoka, na kile cha jirani, mguu umebaki. Daktari wa upasuaji, msichana wa Neasden anayeitwa Tejal, mdogo kuliko Zephaniah au karibu, alisema siku mbili zaidi wangekuwa wanazungumzia goti. Na Ameir wodini alimwambia kila muuguzi kwamba yeye ameletwa na Dokta Tarrant, na nusu ya wauguzi, wa umri fulani, walipiga kelele.

Ndipo akatokea mwanamke mwenye buibui na koti la baridi juu yake, amebeba sahani kubwa iliyofunikwa kwa karatasi ya fedha, mvuke unachungulia pembeni. Miaka yote hiyo hakuwahi kulikanyaga benchi lile. Alilijua kama mke anavyomjua mke mwenza. Alikuwa Suad.

Wote wakasimama.

— Kaeni, kaeni. Kwa hivyo ndo hapa? Akaliangalia benchi juu mpaka chini, akaamua kulisamehe. Zephaniah mwanangu, Mungu akuweke.

— Si mimi, mama. Mimi ndiye niliyeharibu. Ni yeye.

— Najua ulivyoharibu, Ameir kanambia. Ndo maana nimekwita mwanangu, ungekuwa wa mtu ningekupiga. Akainua sahani. Biriani ya mbuzi hii. Nampelekea mwenyewe mlangoni, nimshukuru kwa mdomo wangu. Lakini sitaki kugonga mlango wa mtu mzima nikamwita jina la kwenye mchezo. Yeye mwenyewe anaitwa nani?

— Dokta Tarrant, alisema Kamande.

— Hilo walilomwandikia. Nauliza alilopewa na mamake.

Kamande akamtazama Rasik. Rasik, aliyemuuzia maziwa kila asubuhi kwa wiki tatu, akamtazama Kamande. Waliujua mkate wake, waliujua mto aliolala maiti, waliijua chumvi aliyoomba, waliwajua watoto mia moja na kumi na tatu mmoja mmoja.

— Yeye... alianza Rasik. Yeye ni... Bana, si iko hapa kwa ulimi.

— Zephaniah? Suad akamgeukia. Weye si Profesa?

Zephaniah alikuwa na majibu. Daima anayo. Majina matatu mazuri ya kizungu yalimjia hapo hapo, yenye sauti ya ukweli, na wote wangeyaamini. Aliyaacha yapite. Akanyoosha mikono miwili akaipokea ile sahani, nzito, ya moto, akashuka njiani akavuka barabara nayo, magari yakamngoja. Alipanda ngazi za juu ya dobi, akagonga kwa kiwiko, akangoja.

Mlango ulifunguliwa na mzee mwenye soksi za sufu na kikombe cha chai.

— Samahani, mzee, alisema. Mimi naitwa Zephaniah. Na wewe unaitwa nani?